Jina Lililoongezwa

Siku ya thelathini na moja Lusungu Mgaya aliingia ofisini akiwa na baba yake, na Editha Kikoti akajua kabla hawajaketi kwamba kuna jambo limeharibika. Vijana wa Mpango walikuja peke yao kila Jumatatu asubuhi. Walijaza fomu, wakajibu maswali saba, wakaenda zao. Mzazi akionekana mlangoni, ama mtoto amekunywa tena, ama ametoroka. Huyu hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Alikuwa na malengelenge viganjani, udongo mwekundu kwenye pindo la sketi, na alikuwa amekonda.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Kaeni. Kamwene, baba Lusungu."

"Kamwene," baba akaitikia kwa sauti ndogo. Mzee Mgaya alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, mtu mnene ambaye Mafinga nzima ilimjua kwa kicheko chake. Leo alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie mwenyewe," akamwambia binti yake. "Mimi ulimi umenishinda."

Lusungu alitoa karatasi mfukoni akaikunjua mezani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempokea, na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo.

"Sitakwenda, madamu. Siku arobaini zikiisha nitahamia kwa mama Oliva moja kwa moja. Nyonga yake imekwisha, hawezi kuinama. Nikiondoka, nani atamlimia viazi?"

"Mpango haukuambii ukae kule maisha yako yote."

"Najua. Nimeamua mwenyewe."

Baba akashindwa kuvumilia. "Madamu, nilikuletea mtoto anayecheka. Alikosa, nikasema mfunzeni, na sikuwalaumu. Sasa nyumbani hasemi. Akisikia gari anasimama palepale, hata kama amebeba sufuria la moto. Chakula hali mpaka nimwite mara tatu. Hivi hii adhabu yenu ina mwisho, au mnaendelea tu?"

"Si adhabu, baba," Lusungu akasema. Hakupandisha sauti. "Wewe hukuoneshwa ile picha. Mimi nilimwona anavyoanguka. Alikuwa na kitenge cha njano, na kiatu kimoja kikaruka kikaingia mtaroni. Mtu uliyemwona hivyo, halafu asubuhi anakukaribisha chai, utamwacha?"

Mzee Mgaya akamtazama Editha, naye Editha akaitazama fomu. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kwamba picha ile haikuwa na ukweli wowote.

"Nipeni mpaka kesho," akasema. "Barua ya chuo usiitume. Nakuomba, mwanangu. Mpaka kesho tu."

*

Miaka hiyo magari yalijiendesha yenyewe kwenye lami. Usukani ulibaki kwa ajili ya njia za vumbi, mashambani na katika misitu ya misonobari, na huko ndiko vijana walikojifunzia ubabe. Kila nusu kilomita ulisimama mlingoti mwembamba wenye jicho. Gari likiyumba, mlingoti uliuliza pua ya gari, na pua ikinusa pombe, gari lilizimwa papo hapo. Kijana wa chini ya miaka kumi na minane, kosa lake la kwanza, hajaumiza mtu, hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kwenye Hesabu.

Hesabu ilikuwa mashine iliyokaa nyuma ya ofisi ya Editha, ikivuma kutwa kucha. Iliichukua safari ya mtoto, ikaliondoa lile tukio la kuzimwa, ikaliacha gari liendelee: dereva yuleyule, ulevi uleule, njia ileile, mara elfu kumi. Njiani iliwaweka watu waliokuwapo kweli saa ile, kama milingoti ilivyowaona kwa simu zao. Kisha ilihesabu nani alikufa mara nyingi zaidi. Huyo ndiye aliyeitwa Jina lako. Ulioneshwa picha ya kifo chake, mara moja tu, halafu ukapelekwa kwake ukiwa hai na yeye akiwa hai, umfanyie kazi siku arobaini. Kumwambia sababu ulikatazwa. Yeye aliambiwa kwamba amepata kijana wa kujitolea, na katika barua hakuandikiwa ukoo wa kijana, ila jina la kwanza tu.

Mpango ulifanya kazi, tusiubeze. Katika vijana sitini na watatu waliopita kwa Editha, wawili tu walirudia. Mtu ukishamjua anavyokohoa na anavyopenda chai yake, mashine haina haja ya kukuhubiria tena.

Kosa la Lusungu lilikuwa la kijinga, kosa la watu wa ulanzi peke yao. Kila mtoto wa huku anajua kwamba ulanzi uliogemwa alfajiri ni kinywaji kitamu kisicho na neno. Wanapewa hata wanaokwenda shule ya awali. Lusungu alijaza madumu mawili kwenye mianzi ya baba yake, akayapakia kwenye pikapu, akazunguka nayo kwa wateja tangu asubuhi, na kila penye kiu alichota kikombe. Hakufikiria jua. Ulanzi hausubiri mtu: wa saa moja asubuhi si wa saa tisa mchana, hata kama dumu ni lilelile. Saa kumi alasiri, karibu na kijiji cha Igundilo, mlingoti ulilizima gari, na binti akashuka akicheka, akashangaa miguu inamkataa.

Editha aliifungua faili yake kwenye kioo. Alikuwa ameifungua mara nyingi mno mwezi huo. Chini kabisa, kwa herufi za Hesabu, palisomeka: HAKUNA. Siku ile ilikuwa ya mnada, watu wote walikuwa mjini, na njia ya Igundilo ilikuwa tupu. Mara elfu tisa na mia nane Lusungu alifika nyumbani kwao. Mara mia mbili aliingia mtaroni.

Sheria ilisema kijana akipata HAKUNA aambiwe hivyo, ahudhurie masomo matatu, aende nyumbani. Lakini sheria hiyohiyo iliacha mwanya. Kulikuwa na wazee waliokataa kubeba simu, na hao milingoti haikuwaona, kwa hiyo afisa aliruhusiwa kuongeza jina la mtu aliyejua kwa ushahidi kuwa alikuwapo njiani. Kisanduku kilikuwa kidogo: Jina la kuongeza. Editha alikaa mbele yake dakika kumi. Kisha akaandika: Gaudensia Mhapa, maarufu mama Oliva, mkazi wa Igundilo, hana simu. Mashine haikuuliza swali. Ilimchukua mama wa watu, ikamvisha kitenge cha njano, ikamuua.

Alijiambia alifanya vile kwa ajili ya binti. Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo, na sababu hiyo ilikuwa imezikwa nyuma ya nyumba yake, chini ya msalaba wa saruji.

Fidelis, mwanawe wa pekee, alikamatwa na mlingoti akiwa na miaka kumi na saba, miaka minane iliyopita. Editha alikuwa mwalimu wa hisabati wakati huo. Alikaa kwenye benchi la ofisi hiihii akisali rozari mpaka matokeo yakatoka, na matokeo yakasema HAKUNA. Alipiga vigelegele palepale. Nyumbani alichinja jogoo, akaita majirani, na Fidelis akasimama katikati ya sebule na paja la kuku mkononi akasema, "Mama, hata mashine imesema sina tatizo." Watu wakacheka. Editha alicheka kuliko wote.

Miezi mitano baadaye Fidelis alishika tena usukani akiwa amelewa, na balaa likamkuta kati ya milingoti miwili, kabla gari halijazimwa. Njia ya Igundilo haikuwa tupu siku hiyo. Oliva, binti wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa pekee wa mama yake, alikuwa akitoka kuchukua mbegu za viazi. Walikufa wote wawili kabla gari la wagonjwa halijafika. Padre mmoja ndiye aliyewazika, siku moja, Oliva asubuhi na Fidelis mchana, na kila mama alibaki kwenye msiba wake.

Kwa desturi, mwanao akimwondoa mtoto wa mtu, unakwenda. Unakwenda na wazee wa ukoo, unakaa chini, unasema lililokuleta. Editha alisema atakwenda baada ya arobaini. Arobaini ikapita, akasema baada ya mwaka. Mwaka ukapita, na aibu ikawa imeshaota mizizi. Aliacha ualimu, akaomba kazi kwenye Mpango, akajifunza kuihudumia mashine iliyomdanganya kwa kumwambia kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema mtu anaweza kuyaficha kwa muda gani.

Sasa alijua vizuri lililokuwa mbele yake. Akinyamaza, Lusungu hatakunywa tena, hilo aliweza kuapa. Lakini atalima viazi vya mtu mwingine mpaka azeeke, akilia kwa kosa ambalo hakulitenda hata katika safari elfu kumi za kufikirika. Akisema, binti atakuwa huru, na huru wa namna ya Fidelis. Na zaidi ya hayo, vijana sitini na watatu watajiuliza kama majina yao nao yaliandikwa na mkono wa mtu. Alikaa pale mpaka wenzake walipofunga madirisha, na hakuna upande aliouona ukiwa mwepesi.

*

Asubuhi ya Jumanne ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Gari lilimshusha Editha mwisho wa lami, na akaenda kwa miguu, kwa maana usukani hakuugusa tangu mazishi. Nyumba ya mama Oliva ilikuwa juu kidogo ya njia ya vumbi, bati limepauka, jiko la nje likifuka moshi. Miaka minane aliijua nyumba ile kwa kuambiwa tu.

Lusungu alikuwa kwenye viazi, akipandisha udongo kwenye matuta. Alimwona, akanyooka.

"Madamu? Kuna nini? Leo si Jumatatu."

"Weka jembe chini, Lusungu."

"Nimalizie tuta hili. Mama Oliva anataka yaishe kabla ya—"

"Weka chini, mwanangu. Nina neno, na nikichelewa nitashindwa kulisema."

Binti akalichomeka jembe udongoni. Editha alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yote yalimtoka kichwani, akabaki na lile moja.

"Matokeo yako yalikuwa HAKUNA."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mtu. Njia ilikuwa tupu siku ile. Mashine ilikuendesha mara elfu kumi. Uliingia mtaroni, ulivunja taa, mara moja ulivunjika mkono. Hukumgonga mama Oliva. Hukumgonga mtu yeyote, hata mara moja."

Lusungu alimtazama kama anayesubiri mtu amalize utani. "Lakini nilimwona."

"Uliona picha. Mashine ukiipa jina inatengeneza picha. Jina nililiandika mimi."

Editha alikuwa ameshawaza kwamba binti atalia kwa furaha, au atamrukia kwa hasira. Hakufanya hata moja. Aliketi taratibu juu ya tuta, akaviponda viazi alivyokuwa amevihangaikia, akaanza kutoa udongo kwenye kucha, kidole kimoja kimoja.

"Nimemwogesha," akasema. "Wiki ya pili, nyonga ilipokaza. Nilikuwa namsugua mgongo najiambia, hapa ndipo tairi lilipita. Nilimkanda hapo kila siku. Yeye ananiambia mkono wako mwepesi, mwanangu, utakuwa muuguzi mzuri. Na mimi nasema moyoni, angejua." Akainua uso. "Nilikuwa namlilia nani, madamu?"

Editha aliitazama njia ya vumbi chini yao.

"Na kwa nini yeye? Wapo wengi wasio na simu. Kwa nini uliandika yeye?"

Hapo palikuwa pagumu kuliko pote. Editha angeweza kusema alichagua mtu mwenye shida, na isingekuwa uongo mtupu. Alipiga moyo konde.

"Mwanangu alimuua binti yake. Kweli, si kwenye mashine. Kwenye njia hii hapa. Alikuwa amelewa, na yeye mwenyewe akafa. Mimi sijawahi kuja hapa kuomba msamaha. Kila mwaka nilisema nitakuja. Nilipoona wewe umezimiwa gari Igundilo, nikasema angalau apate mtu wa kumlimia."

"Kwa hiyo ulinituma badala yako."

"Ndiyo."

"Na machozi yakawa yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe."

"Usiniite mwanangu." Lusungu alisimama. "Nikitoka hapa nikanywa tena ulanzi wa mchana, nitamwogopa nani? Niambie. Umenipa mtu wa kumwogopa, nikampenda, sasa unaniambia hayupo. Nifanye nini mimi?"

"Utaacha kuendesha ukiwa umelewa kwa sababu una akili," sauti ikasema kutoka jikoni. "Haihitaji mashine hiyo."

Mama Oliva alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la nje, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye fremu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na kwa sura yake ilikuwa wazi kwamba amesikia kila kitu. Editha alikuwa amejiandaa kwa siku hii miaka minane, na sasa imefika hakuwa na mzee wa ukoo hata mmoja pembeni yake.

Mama Oliva hakumtazama. Aliteremka mpaka shambani, hatua kwa hatua, nyonga ikimvuta upande.

"Nilikujua tangu barua," akasema, na ilibidi Editha aelewe kwamba anaambiwa yeye. "Iliandikwa chini, Afisa E. Kikoti. Kikoti mwenye ofisi ya magari ya walevi ni mmoja tu. Na huyu mtoto akaja bila ukoo, Lusungu tu, anainama, anatumika, anajificha nyuma ya banda la kuku kulia. Nikasema, ni binti yako. Nikasema, mama yule ameona haya kuja, lakini ametoa mtoto wake. Dada yake Fidelis. Ndivyo nilivyofikiri siku zote hizi."

"Fidelis hakuwa na dada," Editha akasema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Nimejua sasa." Mama Oliva alipumua. "Sikumuuliza. Mtu aliyekuja kutubu humuulizi ukoo wake. Nikampokea. Wiki ya tatu nikalitoa gauni la Oliva sandukuni, nikampa huyu avae kwenda misa. Nikakaa hapa nikasema, haya basi, Fidelis, umesamehewa, kwa ajili ya huyu dada yako. Nilitamka kwa mdomo wangu. Miaka minane neno hilo lilikuwa limenikataa, na siku ile likatoka." Sasa ndipo alipomgeukia. "Kumbe umeniletea mtoto wa watu. Wa kwangu alikufa mara moja, mama Fidelis. Huyu umemfanya muuaji kila siku anapoamka, na hana kosa ila kiu ya ulanzi wa mchana. Hivyo ndivyo ulivyoona inafaa? Wewe uliyezaa?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husemwa hivyo, naye Editha alikuwa mzazi, tena aliufahamu uchungu ule mpaka mifupani, na bado akautia kwenye kisanduku kidogo cha fomu.

Mama Oliva aliweka fimbo chini ya kwapa, akakishika kidevu cha Lusungu, akakiinua.

"Niangalie. Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Niguse. Nimegongwa?"

"Hapana."

"Haya. Ulikunywa ulanzi wa saa tisa ukidhani wa asubuhi. Hata marehemu mume wangu alifanya hivyo, tena alikuwa mgema, akaanguka na baiskeli kwenye kisima cha jirani. Tulimcheka mwaka mzima. Wewe una kichwa. Ukinywa, usiguse gari. Si jambo la kukonda hivyo." Alimfuta uso kwa upindo wa kanga. "Siku moja ulinitajia kwamba kuna chuo. Ni lini?"

"Ijumaa."

"Basi unafanya nini kwenye matuta yangu? Nina nyonga mbovu, mlimaji nitampata kijijini. Muuguzi sina. Nenda."

"Mama, nilitaka kukaa."

"Ulitaka kukaa kwa sababu ya tairi ambalo halikuwepo. Ukitaka kuja siku nyingine, uje kwa sababu ya chai. Chukua begi lako."

Lusungu aliingia ndani akatoka na begi, macho yamevimba. Alimpita Editha bila kumuaga. Alipofika kwenye njia ya vumbi alisimama. Hakukuwa na gari, pande zote mbili hapakusikika kitu, lakini miguu ilimgoma. Alisimama ukingoni na begi kifuani, na mabega yakaanza kucheza.

Editha alitaka kukimbia akamshike. Mama Oliva alimzuia kwa kuinua fimbo tu. Aliteremka mwenyewe mteremko wote ule, mwanamke ambaye alikuwa hawezi kuinama, akamfikia binti, akamshika mkono. Kumsindikiza mgeni hakukwepeki hata kama nyonga inauma. Walisimama hapo kidogo wakisemezana maneno ambayo Editha hakuyasikia. Kisha wakavuka, polepole, mzee akitangulia nusu hatua. Upande wa pili walikumbatiana, na Lusungu akashika njia ya kwenda kwenye lami. Aligeuka mara mbili kumpungia mkono mama Oliva. Ukungu ukamficha.

Kupanda kurudi kulimchukua mama Oliva muda mrefu. Editha alisubiri uani. Kesho ataandika taarifa, hilo alikuwa ameshaamua: ataeleza kisanduku, ataeleza jina, na ofisi itafanya itakavyofanya. Hilo lilikuwa jepesi. Lililokuwa mbele yake lilikuwa hili, la kusimama uani kwa mtu na kusema neno ambalo hata mtoto mdogo hufundishwa kulisema.

"Mama Oliva," akasema. "Pole kwa msiba."

Mama Oliva alisimama. Alikuwa akihema, jasho limemtoka usoni licha ya baridi. Alimwangalia Editha kwa muda, kuanzia miguuni mpaka kichwani, na hapakuwa na chuki usoni mwake, wala upole haukuwapo. Ulikuwa uchovu tu.

"Asante," akajibu. Kisha, alipokwisha shika mlango: "Na wewe pole ya Fidelis. Nilitaka kukuambia siku ile. Nilisikia kengele ya mchana nikajua ni yake. Nilikuwa nimeshamzika wangu, sikuwa na miguu ya kuja."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Miaka minane. Watu walikuja kwenye msiba wa Fidelis wakala wali, wakaondoka wakiangalia chini, kwa sababu mtoto aliyeua hapewi pole hadharani.

"Sasa nenda," mama Oliva akasema. "Kile nilichotamka juu ya mwanao nilikitamka kwa kudanganywa. Sijui kama bado kipo. Nitakaa nitazame. Kikiwepo, nitakuja mwenyewe nikuambie. Ila usinitumie mtu tena."

Akaingia, akafunga mlango.

Editha aliteremka mpaka kwenye njia. Wanawake watatu waliokuwa wakienda shambani walimkuta pale, afisa mzima wa serikali, amekaa kwenye nyasi zenye umande, akimlilia mwanawe kwa sauti, mchana kweupe, kama mtu aliyepata taarifa sasa hivi. Waliweka majembe chini, wakakaa naye, na mmoja wao akamuuliza marehemu alikuwa nani.